Vichupa Sita vya Kimeta

Kwa siku tisa sikupata usingizi kwa sababu ya swali moja: nikitia saini kwamba nimeona jambo ambalo sikuliona, na jambo lenyewe huenda kweli lilifanyika, je, nimesema uongo? Nawaandikia nyie mnaoanza kazi, maana chuoni hawakutufundisha hilo.

Nilianza kazi katika maabara ndogo ya mifugo pale Mpanda wiki tatu baada ya kuhitimu. Ilikuwa vyumba viwili upande wa Ilembo, hadubini moja, na friza yenye kufuli bovu. Siku ya kwanza Mkuu wa Maabara alinikuta nasoma lebo za dawa moja baada ya nyingine.

"Binti, wewe hata chai utaipima kwa hadubini."

Nikamjibu kwamba maji ya pale bado sikuyajua. Alicheka mpaka akavua miwani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvaa glavu mbili, na kutopasua mzoga wa ng'ombe aliyekufa ghafla, kwa sababu kimeta kikimwagika ardhini hukaa miaka na miaka kikimsubiri ng'ombe ainame kula.

Msimu wa kiangazi tuliitwa karibu na Kibaoni. Familia ya wafugaji ilikuwa imemchuna ng'ombe aliyeanguka asubuhi. "Nyama yote ile, mwanangu, tungeitupaje?" mzee wa boma aliniuliza. Mke wake, aliyeshika kisu, alikuwa na kidonda cheusi shingoni ambacho alisema hakimuumi. Alifariki kabla majibu hayajatoka. Siku ile tulirudi maabara na vichupa sita vya damu ya yule ng'ombe, na majibu yakaonyesha kimeta.

Vichupa vile havikutuhusu sisi peke yetu. Vimelea vya kimeta vinaweza kugeuzwa silaha, ndiyo maana mataifa yanataka kila kichupa kihesabiwe. Kwetu fomu ya kuteketeza ilihitaji saini mbili: aliyeteketeza na aliyeshuhudia.

Kisha umeme ukakatika siku nne, nami nikiwa mgonjwa nyumbani Majengo. Niliporudi, friza ilikuwa tupu.

"Viliharibika, nikavichoma," Mkuu alisema, akanisogezea fomu. "Weka saini hapo chini."

"Mzee, mimi sikuwepo."

"Najua. Ningekusubiri mpaka vinuke?"

Nilikwenda kufukua majivu kwenye tanuru la taka. Nikapata vizibo vinne vya bati. Viwili huenda viliyeyuka. Huenda. Nyuma ya tanuru kulikuwa na majani, na jirani alikuwa amefunga ndama wake pale.

Nilimwambia Mkuu. Akasema, "Mwezi ujao nastaafu. Unataka nistaafie polisi? Au unadhani nimeviuza?"

"Sidhani, Mzee."

Na kweli sikudhani. Niliogopa kichupa kimoja kilichobiringika, na mtu yeyote angeweza kukiokota. Niliogopa vilevile kwamba vyote viliungua, na mimi namharibia bure mtu aliyenifundisha kazi.

Siku ya kumi niliandika mbele yake, kwenye nafasi ya aliyeshuhudia: "Sikushuhudia. Nimekuta vizibo vinne kati ya sita." Nikatia saini. Aliisoma akiwa amesimama.

"Umeandika vizuri," alisema, akatoka nje.

Nilimwomba jirani amhamishe ndama wake. Kisha nikapanda bodaboda hadi ofisi ya mkoa, nikamkabidhi karani fomu ile, nikasimama pale mpaka alipoigonga muhuri.