Maboksi ya Mwanaisha

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipokaa sakafuni na bakuli la maji ya moto na kijiko cha chai, nikabandua jina la mwanamke mwenzangu kwenye maboksi ya risasi ya mume wangu. Usicheke. Na hiyo simu iweke chini kwanza. Umekuja kwangu hapa Al Thumama umefura, ndege zinapita juu ya paa na wewe huzisikii, kisa mumeo ana picha za mke aliyezaa naye mtoto, wakaachana kabla hajakujua wewe. Unasema akilala utazifuta zote. Kunywa chai, nikueleze mie nilifuta nini.

Wakati ule nilikuwa mbichi kuliko wewe. Nimetoka Tanga kuja huku Uarabuni kupika kwenye nyumba ya bwana mmoja Mqatari, mtu mpole, mwenye mapenzi na bunduki za kulengea shabaha. Hamadi, huyu babu unayemsikia anakohoa chumbani, alikuwa fundi kwenye karakana yake ya silaha. Mpemba, mkimya, mikono inanuka mafuta saa zote. Kabla ya nikahi aliniambia wazi kwamba kwao Wete alikuwa na mchumba, jina lake Mwanaisha, na alipokawia huku wazee wakamuoza kwa mwingine. Nikamjibu yaliyopita si ndwele. Mdomo ndio uliosema hivyo, moyo haukuulizwa.

Tukaoana, tukapewa chumba nyuma ya jiko, tukakaa raha mustarehe. Mpaka siku Mwende, msichana wa Kikamba aliyekuwa akilea watoto wa nyumba ile, aliponikuta naanika nguo. Akaniuliza, "Kwani unaitwa Saumu kweli? Mimi nilikuwa nafikiria wewe ndio Mwanaisha, vile hiyo jina iko kwa boksi zote za bwanako." Hakuwa na nia mbaya, maskini, alitaka kupiga domo tu. Lakini mie shuka la watu liliniponyoka likaangukia mchangani.

Sasa nikufahamishe, maana hata mie ilibidi nifahamishwe. Bwana alirithi kwa baba yake bunduki ya jeshi ya zamani, pamoja na maganda yake ya shaba, mengi ajabu. Hamadi na mkuu wake, Mzee Nassor, Mwomani aliyezaliwa Pemba, walikuwa wakiyachukua yale maganda matupu, wakiyapaka mafuta na kuyasukuma ndani ya kalibu ya chuma. Ganda likatoka limebanwa shingo na mabega yameshushwa, likavishwa kichwa chembamba zaidi. Bunduki ya risasi hiyo nayo ikachongwa makusudi, kwa sababu risasi ile haiuzwi dukani wala hakuna kiwanda kinachoitoa. Wenyewe huziita paka shume, kwa kuwa hazina mwenyewe. Na desturi yao ni kwamba anayeibuni ndiye anayeipa jina. Wengi huzipa majina yao. Hamadi, kwa akili zake za ujana, yake akaiita Mwanaisha.

Aliibuni kabla hajaniona. Hilo nililijua, tena vizuri. Lakini wivu haujui nani alitangulia. Asubuhi nikimwona anatoka, nasema haya, anakwenda kwa mwenziwe. Nikipita mlangoni namkuta anazipangusa moja moja kwa kitambaa laini, na mie hata kikombe changu hajawahi kukipangusa. Akirudi na furaha kwamba leo zote zimepiga tundu moja, nanuna. Akiniuliza nina nini, nasema kichwa. Akisinzia namtegea sikio asije akamtaja ndotoni. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inaniteleza nikiosha vyombo.

Alhamisi ile Hamadi na Mzee Nassor walikwenda mjini. Mie niliingia karakanani kufagia, kwani kazi hiyo nilikuwa nimeongezewa karibuni, nikayakuta maboksi ya kesho yamepangwa mezani. Kila moja na karatasi yake, na kila karatasi ameiandika kwa mkono wake, jina zima, herufi amezikoleza wino mara mbili. Mwanangu, jina langu mie Hamadi hajawahi kuliandika popote. Tulikuwa nyumba moja, angeniandikia barua ya nini? Lakini siku ile niliona kama nimedhulumiwa. Nikaenda kuchemsha maji. Nilibandua moja baada ya nyingine, nikakwangua na gundi kwa kijiko, karatasi nikazitia motoni. Na niliona raha, nisikudanganye. Ile raha ya kukuna upele.

Jambo nisilolijua ni hili. Maboksi ya risasi za jeshi, zile za bunduki ya marehemu, hayakuwa na karatasi. Ndivyo walivyozitofautisha: lenye karatasi ni Mwanaisha, lisilo na karatasi ni la jeshi. Na ukifungua boksi, risasi zimesimama kichwa chini, unachoona ni vitako tu. Kitako cha Mwanaisha kina muhuri uleule wa kiwanda cha jeshi, kwani ganda ni lilelile. Shingo utaibana utakavyo, muhuri wa kitakoni hauondoki.

Ijumaa baada ya sala wakaenda jangwani, kaskazini huko, ambako siku hizi ni maghorofa ya Lusail na siku zile ni mchanga na upepo. Bwana alikuwa na wageni, wakaomba kuiona bunduki ya baba yake ikilia. Hamadi ndiye aliyepiga ya kwanza kila mara, kuijaribu, kabla bwana hajaishika. Akavuta boksi lisilo na karatasi, akaona muhuri, akachopoa moja na kuitia huku uso ameugeuza anamjibu mgeni. Ganda lilikuwa fupi mabegani, likacheza ndani ya ile bunduki, na alipofyatua likapasuka karibu na kitako. Moto na moshi vikamrudia usoni.

Mie nilikuwa nachambua mchele. Mwende akaja anahema, akaniambia bwanako ameumia macho. Mchele sijui niliuacha wapi.

Hospitali nilimkuta amefungwa kitambaa macho yote mawili. Daktari alisema miwani aliyovaa ya kulengea imemsaidia, jicho la kulia halina neno, la kushoto tungoje. Na huku nyuma maneno yalikuwa yameshaanza: bwana amesema fundi anayetoa maboksi bila alama haaminiki, akipona arudishwe kwao. Hamadi pale kitandani anarudia kwamba aliyabandika, aliyabandika yote kwa mkono wake. Watu wanaitikia tu kama wanavyomwitikia mgonjwa. Nami nimemshika mkono, namwitikia vilevile kama wao.

Mzee Nassor alinikuta ukumbini nje ya chumba. Akakaa, akatoa mfukoni kijiko cha chai kilichoganda gundi, akaniwekea juu ya paja.

"Hiki cha jikoni, nimekiokota karakanani," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mpaka sasa sijamwambia mtu."

Nililia, nikamwaga yote, Mwanaisha hivi na Mwanaisha vile. Hakunibembeleza hata kidogo. Alingoja nimalize kamasi zangu, kisha akatoa ganda tupu, la shaba iliyofifia, akanishikisha.

"Tazama kitako. Huo muhuri wa jeshi utakuwapo mpaka ganda litupwe. Sasa ligeuze utazame umbo. Ganda likipigwa ndani ya bunduki hutanuka, likakamata umbo la bunduki ile. Hili ukilirudisha kwenye ile ya zamani halikai tena. Yule kijana umbo lake ni la nyumba yako, Saumu. Wewe kutwa kucha wachungulia kitako."

Akasimama, akaniambia majlisi anapobarizi bwana na wageni wake ninaijua ilipo, na miguu ni yangu.

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya bwana nikasema ni mie, fundi hana kosa. Akaniuliza huyo Mwanaisha ni nani, nikamweleza kwa Kiarabu changu kibovu. Akasema hata mkewe ana ugomvi na kozi wake wa kuwindia, amesusa kula na yeye mumewe tangu ndege yule apewe chumba chenye kiyoyozi. Hamadi akabakishwa. Mie nikapigwa marufuku kutia mguu karakanani, na bunduki ya marehemu haikulia tena, ikatundikwa ukutani. Ikawa kila nikiandaa kahawa majlisini naiona.

Jicho la Hamadi lilipona. Nyusi ya kushoto haikuota, ndiyo maana ukimwona unadhani anakushangaa. Nilipomwambia kwamba ni mie, alikitua kikombe cha chai. Kisha akasema, "Ungeniambia tu, Saumu. Ningeiita kwa jina lako."

Na alikuwa tayari kuiita hivyo. Alileta maboksi mapya na karatasi, akachovya kalamu, akangoja niseme neno. Nililitamani jina langu pale, mwanangu, nililitamani sana. Lakini wenzake wote walishaizoea risasi ile kwa jina lile, na mie nilishaona boksi likikosa jina lake linavyomfanya mtu. Nikamnyang'anya kalamu. Nikaandika Mwanaisha, boksi baada ya boksi, herufi nimezikoleza mara mbili kama zake. Kila moja ilinichoma. Hadi leo nikimsikia mtu anaitwa jina hilo sokoni nageuka nimwone yukoje.

Basi sikwambii uache wivu, maana mie mwenyewe sijauacha. Nakwambia usiutume kazi gizani. Ukikuuma, uuseme ungali mdogo, kwa mdomo wako, mbele ya uso wake. Picha zile ni muhuri wa kitakoni. Ukizifuta hutamfuta yule mama, utafuta alama ambayo mumeo, na yule mtoto waliyezaa, wanaitegemea kwa jambo usilolijua wewe. Hasira hasara, na hasara yake haichagui, humpata unayempenda. Mtazame mumeo umbo lake la leo. Anarudi wapi akitoka kazini? Anakula mkono wa nani?

Chukua simu yako sasa, umpigie, umwambie unaona wivu. Neno ni hilo tu, halina haja ya mapambo.

Unamsikia babu yako? Anaita Saumu, anataka maji. Mie nampelekea; wewe nenda ukapige simu yako, mwanangu. Mungu akupe ulimi wa kusema kabla mkono haujatenda, akuzeeshe na mumeo macho yenu yote manne mazima, na jina lako liwe ndilo analoita akishikwa na kiu.