Somo Nililolifundisha Sanamu la Nguo

Jamani, siku mteja alipochungulia kwenye pazia akaniomba nirudie somo la hedhi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ngoja niwape mkasa mzima.

Mimi ni fundi cherehani. Binti yangu ana miaka kumi na minne, na Jumatatu alikuwa anaanza shule ya bweni. Nilitaka nimweleze mambo ya mwili kabla hajaondoka. Mama yangu hakuniambia kitu. Nilipoona damu mara ya kwanza nilijua nakufa, nikawagawia wadogo zangu nguo.

Lakini kila nikifungua mdomo, najikuta nasema, "Umekula?"

Basi nikaamua kufanya mazoezi. Nikalivisha sanamu la dukani sketi ya shule ya binti yangu, nikafumba macho.

"Mwanangu, siku zako zikianza usiogope. Mwanzoni zinapishana, ni kawaida. Na mvulana akikwambia mara ya kwanza hupati mimba, muongo huyo! Unapata! Kondomu nayo..."

Nikamwaga yote mpaka jasho likanitoka.

Pazia la chumba cha kujaribia nguo likasogea. Muuza nyama wa jirani! Nilikuwa nampunguzia suruali, nikamsahau humo ndani. Mguu mmoja wa suruali mrefu, mwingine mfupi, pini zinaning'inia.

"Samahani, fundi. Hapo pa siku kupishana, rudia kidogo. Nina mabinti watatu na mama yao kasafiri."

Kabla sijazimia, binti yangu akaibuka chini ya meza ya kukatia, mikono imejaa vipande vya vitambaa.

"Mama, kumbe na wewe unaongea nalo?"

"Wewe pia?"

"Wiki nzima. Halijibu."

Nikacheka hadi mbavu zikauma. Muuza nyama akavuta kiti, akaomba kalamu.

Nikamgeukia binti yangu. "Ulikuwa unaliuliza nini?"

Akainama. "Siku zangu zilianza miezi minne iliyopita, ndiyo maana naokota vitambaa. Tumbo linaniuma sana. Nilidhani nina ugonjwa mbaya, nikaogopa kukutia wasiwasi."

Kicheko kikakatika. Nikamkumbatia, tukaongea mpaka mchana, macho kwa macho. Kesho yake tukaenda kwa daktari. Hana ugonjwa wowote, kapewa dawa ya maumivu.

Wazazi wenzangu, semeni nao hata kama mnatetemeka. Mwanangu alikuwa anaugulia chumba cha pili, na mimi niko hapa naona haya.