Baiskeli ya Kijani Niliyomuuzia Mwalimu

Mume wangu hununua baiskeli kuukuu, anazifufua, anaziuza. Mtaani wanamwita Mzee Kasoro, na wana haki. Kila baiskeli anaitundikia kipande cha boksi chenye ila zake zote: kengele ina kutu, pedali moja si ya kwake, rangi imebabuka. Kila ila inapunguza bei. Mteja akisoma anakuna kichwa, anavuka barabara kwa jirani yetu anayepaka rangi ya kung'aa na kuuza maradufu bila kusema neno. Mimi nina watoto watatu na sufuria nyepesi. Sasa mtu utaacha kukasirika?

Siku ile alikwenda kutafuta minyororo, akaniachia banda. Akaja mwalimu wa chekechea, mtu mpole, akaipenda ile ya kijani. Boksi lake nilikuwa nimelisoma, mistari sita. Wa tano ulisema uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, una ufa, uchomelewe kwanza. Herufi zilezile, ukubwa uleule, katikati ya kengele na tandiko lililochanika. Nikajiambia, huyu bwana naye kazidi, kwake kila kitu ni ugonjwa. Kabla mwalimu hajaliona nikalichomoa, nikataja bei ya jirani. Akalipa bila kubembeleza. Nilivyofurahi!

Mume wangu aliporudi nikampa noti huku nacheka. Hakuzitazama.

"Ya kijani iko wapi?"

Nikamwambia. Uso ukamsawajika. "Mama yangu! Ule uma utakatika!" Tukatoka mbio, na njiani ananipoza: "Si kosa lako, mke wangu. Boksi litakuwa limedondoka." Nikakaza mbio.

Tulimwahi juu ya mteremko wa shule, binti yake mdogo ameshapakiwa nyuma. Mume wangu akadaka usukani, anahema. "Mwalimu, shuka. Pesa yako hii hapa, yote."

Mwalimu akamtazama juu mpaka chini. "Umepata mteja wa bei kubwa, siyo? Nimelipa, niache."

Watu wakajaa. Mume wangu, kwa kuchanganyikiwa, akaongeza noti zake juu ya zile. Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Mnaona wenyewe!" mwalimu akawaambia watu. "Anainunua tena!"

Basi mume wangu akamshusha mtoto taratibu, akamng'oa mwalimu kwenye tandiko, akainua baiskeli hadi kifuani na kuibamiza kwenye ukingo wa barabara. Mara moja tu. Uma ukakatika vipande viwili. Gurudumu likateremka peke yake, likaenda, likaenda, likagonga lori lililoegeshwa chini kabisa.

Jamani! Nilishika mdomo kwa mikono yote miwili. Mwalimu akamvuta binti yake, akamkumbatia. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Mwambie," mume wangu akanihimiza. "Mwambie hukujua."

"Nilisoma," nikasema.