Moyo wa Chifu Ulipoanza Kuchechemea

Harufu ya mkanda wa mashine ya posho ukipata moto bado inanikimbiza. Juzi nilipeleka mahindi kusaga hapa Bungoma, mkanda ukaanza kuteleza, mpira ukanuka kuungua, na mimi mtu mzima, mama wa watoto watatu, nikatoka nje mbio nikasimama juani. Kijana wa mashine akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Sawa wapi! Baba yangu alikuwa msagaji kule Kibomet, Kitale, na kipande cha mkanda mkuukuu wa mashine ndicho alichotuchapia nyumbani.

Hakuwa mlevi. Afadhali angekuwa mlevi, tungelaumu chupa. Alirudi mweupe kwa unga kuanzia nyusi mpaka viatu, na alipiga akiwa na akili zake timamu.

Mbwa wetu aliitwa Chifu. Mama ndiye alimpa jina hilo, apate raha ya kupiga kelele, "Chifu, toka kwa meza yangu, mwizi wewe!" hata chifu mwenyewe akiwa anapita barabarani. Baba alipoanza, mimi na Chifu tuliingia chini ya kitanda. Nilibandika sikio ubavuni mwake, upande wa kushoto, pale nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, nisikilize moyo wake nisiusikie mkanda. Ulikimbia du-du-du-du, sawasawa, bila kukosea hata mara moja. Niliupenda kwa hiyo nidhamu yake. Nilidhani huo ndio uzima.

Jumamosi moja mchana Baba akagundua kwamba Mama amempa mwanamke maskini wa mtaa wa Kipsongo kikombe cha unga. Kikombe, jamani! Alimwangusha hapo hapo mlangoni. Mkanda ukalia mgongoni mwake, ukalia tena, nguo ikachanika, damu ikarukia chokaa ya ukuta. Mama hakupiga kelele, alikuwa ameuma leso. Ndipo Chifu, mwoga kuliko kuku, akachomoka chini ya kitanda, akamng'ata Baba paja na kuning'inia hapo.

Wacha! Baba alimpiga ngumi ya pua, akamng'oa, akamrusha kwa ukuta, akamkanyaga mbavu na buti. Nilisikia kitu kikivunjika kama kuni. Kisha akamburuta mpaka kwa mpera wetu, akamfunga kamba shingoni.

"Huyu umbwa namuua reo," akasema, damu ikimtiririka mpaka kwa soksi. "Naenda kwa jirani kuchukua panga yenye makali. Nikimaliza yeye narudi kwako, Mama Nekesa. Na huyo mutoto wako aangalie."

Nilimkimbilia Chifu. Ufizi wake, ambao siku zote ulikuwa wa waridi, ulikuwa mweupe kama unga, kana kwamba damu yote imekimbilia ndani kujificha. Nikamlilia Mama, "Atamuua! Mama, atamuua!" Na Mama, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi hata kufunga begi, akainuka kwa magoti, akachukua kisu cha kukatia sukuma wiki, akaikata ile kamba. Alimtia Chifu kwa gunia, kichwa kikiwa nje, akambeba mgongoni juu ya vidonda vyake mwenyewe.

"Shika nguo yangu," akaniambia. "Usigeuke nyuma."

Tulipita katikati ya mahindi, majani yakitukwaruza uso. Nyuma yetu nilimsikia Baba amerudi na panga, hakutupata, akaanza kuukata mpera, tawi baada ya tawi, huku akimtukana Mama kwa jina.

Tulidandia lori barabarani, na jioni tukafika Bungoma kwa Kukhu, nyanya yangu mzaa Mama. Baba alitufuata kesho yake. Khocha, kaka yake Mama, alimngojea kwa geti na mpini wa jembe. Walipigana mpaka wakaangukia kuku. Baba aliacha meno mawili kwa nyasi zetu na hakurudi kuyachukua.

Sasa hapo ndipo mimi nilianza kuteseka. Chifu alipona mbavu, akala, akalala juani. Lakini nikibandika sikio, moyo haukuwa ule tena. Ulipiga du-du-du, halafu unachelewa, unachelewa mpaka nashika pumzi, du, halafu unakimbia tena. Kukhu naye alimwekea sikio, akatikisa kichwa. "Moyo unachechemea, mjukuu wangu. Aliumizwa ndani." Basi nikawa nakula ugali mtupu, nyama namwachia mgonjwa. Kila asubuhi nilitoka nje nikitegemea kukuta maiti. Maiti gani! Chifu alinenepa, akawa mvivu ajabu, akafa kwa uzee nikiwa sekondari.

Mwaka huu nilipeleka mbwa wa wanangu kwa daktari wa mifugo apate chanjo. Daktari alinipa vile vipimo vya masikioni nisikie moyo. Du-du-du... du. Niliruka kutoka kwa benchi.

"Daktari, huyu anakufa! Ana moyo kama wa Chifu!"

Alicheka. Akabonyeza ufizi wa mbwa kwa kidole, ukawa mweupe, akaachilia, rangi ikarudi mara moja. "Damu inatembea vizuri, mama. Mbwa akitulia moyo wake huwa hivyo. Akivuta pumzi unaharakisha, akiitoa unapunguza. Ukitaka upige sawasawa kama saa, mtishe. Akiogopa unakimbia tu, haupumziki."

Nilikaa chini nikalia mpaka mbwa akanilamba mkono. Ule moyo niliousifu chini ya kitanda ulikuwa hofu tupu. Na ule niliouombea upone kwa Kukhu haukuwa mgonjwa hata kidogo.

Nilimpigia Mama simu nikamweleza yote. Ni mzee sasa, na mgongo wake haupendi baridi. Nilisikia kuku wake wakilia uani.

"Kumbe," akasema. "Kumbe tulikuwa tumefika salama, Nekesa, na mbwa peke yake ndiye alijua."