Viti vya Msiba na Mnyama wa Moto

Nianze kwa kujisifu, maana nikisubiri kusifiwa nitazeeka: katika mji huu wote sijaona mtu anayerusha tufe kwa kidole kama mimi. Mimi ni fundi simu. Vidole vyangu vimezoea skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Ule mchezo wa kukamata viumbe niliujulia kwenye simu ya mteja, nilipokuwa najaribu kioo kipya kama kinagusika. Kiumbe kimoja cha kijani kikatokea juu ya meza yangu ya kazi pale Tandale, kati ya betri na kikombe cha kahawa. Nikakirushia tufe, nikakipata. Mteja aliporudi nilikuwa nimeshamkamatia kumi na saba, na akanishukuru kwa hao kuliko kwa kioo.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni kutembea. Unatembea mtaani, simu inakuonyesha viumbe waliojificha, unawakamata. Wengi ni wa kawaida, wamezagaa kama kunguru. Lakini wako wachache wa hekaya, na mkubwa wao kwangu ni mnyama wa moto: miguu minne minene, pembe zinazowaka, mkia wote ndimi za moto. Huyo hazururi mtaani. Anatokea kwenye mnara maalumu, anakaa dakika arobaini na tano, na peke yako humuwezi hata ungekuwa nani. Sharti muwe watu saba au wanane mmesimama papo hapo, mmshambulie pamoja, na akishalegea ndipo kila mmoja anapewa matufe machache ya kumrushia. Sisi wachezaji tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu haji mara kwa mara, akija lazima watu wamsubiri juani, na akiondoka humwoni mpaka msimu mwingine.

Mara ya kwanza alitokea Wazo, karibu na kiwanda cha saruji. Tulifika watu wanne, akatupiga wote, tukarudi tumejaa vumbi. Mara ya pili nilichelewa. Nikaapa kwamba mara ya tatu hanitoki.

Mwezi ule nilikuwa nimehamia Yombo, nyumbani kwa mama, kumuuguza. Presha ilikuwa imempanda akalazwa siku tisa, na daktari alituruhusu kwa sharti moja, kwamba asishtuliwe. Hakuna habari ya ghafla, hakuna makelele. Nilimjibu daktari kwamba aniachie mimi.

Kuna jambo lililoniuma zaidi ya hiyo presha. Kule wodini, kila saa ya kuona wagonjwa ikiisha, mama aliniuliza, "Leo kaja nani?" Nami namtajia: shangazi, watu wa msikitini, yule muuza mkaa. Akimaliza kusikiliza anasema, "Basi?" Namwambia basi. Anageukia ukutani. Nilijua anayemsubiri, na nilijua haji.

Alikuwa akimsubiri Mwalimu. Ndivyo mtaa mzima unavyomwita jirani yetu, mama mmoja wa Bukoba aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi. Nyumba yake na yetu zimegawana ukuta mmoja. Yeye Mkristo, sisi Waislamu, na kwa miaka ishirini na sita hakuna Idi wala Krismasi iliyopita bila sahani kuvuka ukuta ule. Mama alimwita shoga yangu, na mimi nilijifunza kusoma kwenye mkeka wake kabla sijapelekwa shule.

Halafu pilau likaungua. Ilikuwa kwenye shughuli yangu, mwaka nilioolewa. Mwalimu ndiye aliyekabidhiwa sufuria kubwa, na sufuria kubwa likatoka ukoko mtupu, jeusi, wageni wamekaa wanasubiri. Mama kwa aibu akasema mbele za watu kwamba mpishi alikuwa anapiga soga. Mwalimu akajibu kwamba kuni walizomletea zilikuwa mbichi, na kwamba mwenye nyumba angeacha kujipodoa akaja kutazama moto. Maneno yakafuata maneno. Mwisho mama akasema, "Mimi na wewe hatuzikani." Mwalimu akajibu, "Hatuzikani."

Huku kwetu neno hilo halina la kulizidi. Unaweza kumnyima mtu chumvi, ukamnyima salamu, sikukuu ikifika mkapatana. Lakini ukishasema hatuzikani, umesema hata kifo hakitatukutanisha. Miaka mitatu hawakusalimiana. Walikuwa wakifagia nyua zao asubuhi, kila mmoja upande wake wa ukuta, na mafagio ndiyo yaliyokuwa yakijibizana.

Sasa, mnara ulikuwa wapi? Mlangoni kwetu. Nakuambia kweli. Mchezo ule unachagua vitu vinavyoonekana mtaani kuwa minara, na mbele ya nyumba yetu kuna kinyozi aliyechora ukutani vichwa vitatu vilivyonyolewa mitindo mitatu, kimoja kina masikio marefu mno. Vichwa hivyo ndivyo mnara wa Yombo. Jumamosi moja, mama ameshakunywa dawa na amelala, nikafungua simu nikakuta yai jekundu, dalili ya ujio wake, juu ya vile vichwa: Mheshimiwa anatokea saa nane kamili. Nikaita watu. Wakaja saba, wa kutoka Tandale, Kipawa, hadi mmoja wa Wazo aliyekuja na buti zake za kazini. Wote tulivaa fulana nyeusi, ndiyo sare yetu tuliyokubaliana.

Jua lilikuwa linachoma vibaya. Mimi ni mwenyeji, siwezi kuacha wageni wakaangwe. Nikakumbuka kwamba mjumbe wetu anatunza viti na turubai za mtaa. Nikaenda kwake, hayupo; nikamkuta mkwewe, bi harusi aliyehamia mwezi ule ule. Nikamwomba viti ishirini na turubai moja. Akaniangalia, akanishika mkono, akasema, "Pole sana, dada." Wiki nzima watu walikuwa wananipa pole ya kuuguza. Nikamjibu nimeshapoa, nikachukua ufunguo.

Hapa msomaji wa mjini ameshanishika. Viti vile ni vya chama chetu cha kuzikana. Vina alama ya rangi ya bluu mgongoni, na havitoki kwenye stoo ile ila mtu amekufa. Harusi watu wanakodi vya kwao. Nimekulia mtaa ule, nilijua tangu nina meno ya utotoni. Lakini akili yangu siku hiyo ilikuwa kwenye pembe zinazowaka, na niliona viti ni viti.

Tukafunga turubai mbele ya nyumba ya mama, tukapanga viti, tukaketi. Watu wanane, nguo nyeusi, vichwa chini, kimya. Mgonjwa wa nyumba hiyo ana siku nne tangu atoke hospitali.

Wa kwanza kuelewa vibaya alikuwa kinyozi. Alikuwa anapiga singeli tangu asubuhi. Akatuangalia, akazima muziki, akateremsha mlango wa duka nusu. Nikamwona mtu mwungwana sana. Kisha wazee wakaanza kuja mmoja mmoja, wakaketi kwenye viti vilivyobaki, wakashika tama. Nikadhani wamefuata kivuli. Mzee mmoja akamwinamia kijana wa Wazo, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Imetokea saa ngapi?"

"Saa nane kamili, mzee," akajibu bila kuinua macho.

Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni. Mimi nilisikia na sikusikia, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa amelegea, amepiga magoti, na nilikuwa na matufe manane mkononi. La kwanza akalipangua. La pili likamgonga, akaingia ndani yake, akatoka tena. La tatu, la nne, la tano. Nikakausha kidole kwenye kanga. Nimebakiza matatu.

Ndipo nikasikia kilio kutoka upande wa ukuta.

"Umeniacha, shoga yangu! Umeniacha na maneno yangu mdomoni!"

Mwalimu alikuwa anakuja mbio, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna, kanga amejifunga kiunoni, mkeka kwapani. Nyuma yake nusu ya mtaa, wanawake wamebeba masufuria. Nikageuza macho, nikaona rangi ya bluu kwenye mgongo wa kiti kilicho mbele yangu, na hapo nikaelewa. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile. Sikumwogopa Mwalimu wala aibu. Nilikiogopa kile chumba ambacho mama amelala, na lile neno la daktari. Kama kuna kelele ya kumshtua mwanamke mwenye presha, ni kusikia analiliwa yeye mwenyewe.

Nikaiangusha simu chini, na Mheshimiwa ndani yake, nikakimbilia mlangoni. Nilichelewa. Mlango ulifunguka kabla sijaufikia, na mama akasimama pale na gauni lake la kulalia, ameshika mwimo.

Kilio kikakatika kama redio iliyochomolewa kwenye umeme. Mwanamke mmoja akaangusha mfuniko. Mama akaitazama turubai. Akawatazama wazee. Akatazama viti.

"Nani kafa?" akauliza.

Mwalimu alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, hatua tatu kutoka mlangoni, mkeka umekunjuka nusu. Mama alimtazama muda mrefu, na nikaona kifua chake kinapanda na kushuka, nami nahesabu.

"Kumbe mie," akasema. "Na wewe je? Umefuata nini hapa? Si tulisema hatuzikani?"

Mwalimu akajifuta pua kwa ncha ya kanga. Machozi yalikuwa bado yanamtoka, hakuweza kuyazuia, lakini kidevu alikiinua kama yuko mbele ya darasa.

"Nimekuja kuhakikisha," akasema.

Mama akafumba macho. Nikadhani ndiyo basi, nimemuua mama yangu kwa ajili ya mnyama wa kwenye kioo. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka, kile kicheko chake cha zamani cha kukosa pumzi ambacho sijakisikia miaka mitatu. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye kiti cha msiba wake mwenyewe. Mwalimu akamtambalia, akamshika magoti, na wakalia wote wawili huku wanacheka, sisi wengine hatujui tuangalie wapi.

Baada ya hapo ikawa zamu yangu. Ujanja wa nyani huishia jangwani, na wangu uliishia mbele ya mjumbe, aliyefika anatweta. Nilihukumiwa kuosha kila kiti cha chama pamoja na turubai, na niliosha. Mwalimu alinisema mpaka mate yakamkauka. "Wewe mtoto una kichaa! Nimekufundisha kusoma ili uje uue watu?" Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu, nisamehe." Akasema hataki shikamoo yangu, kisha akaitikia marahaba.

Masufuria yalikuwa yameshafika na mchele umeshachambuliwa, ikaonekana ni dhambi kurudisha chakula. Mwalimu akabandika pilau uani kwetu. Mama hakukubali kurudi kitandani. Alivuta kiti akakaa kando ya mafiga, dawa zake kwenye mfuko wa gauni, akawa anachochea kuni na kuzirudisha nyuma, muda wote mpaka pilau likaiva. Halikuungua hata punje.

Nilipoikumbuka simu yangu niliikuta chini ya kiti, ina ufa mpya kwenye kona, matufe matatu hayajaguswa, na Mheshimiwa kaondoka zake. Wenzangu watano walikuwa wamempata. Kijana wa Wazo alinionyesha wa kwake huku anakula pilau, na nilimtakia mabaya kimoyomoyo.

Alirudi baada ya miezi mitatu, kwenye vichwa vile vile vya kinyozi. Safari hii sikugusa stoo ya mtu. Mwalimu mwenyewe alitoka na mkeka wake, akautandika kibarazani, akaupigia kelele mtaa mzima: "Hapa hakuna msiba! Wanakamata moto hawa!" Akaketi na mama, miguu wameinyoosha, wanamenya machungwa na kutuuliza kila dakika kama ameshatoka.

Nilimpata kwa tufe la pili. Nilishasema, kidole changu hakina mfano wake.

Ukishamkamata, mchezo unakuruhusu kumpa jina lako mwenyewe. Nikawageukia kinamama wale wawili nikawaomba jina, nikitegemea waniambie Simba au Chui. Mama alikuwa anatoa kokwa za chungwa mdomoni. Hakumtazama mwenzake.

"Mwandike Tutazikana," akasema.

Mwalimu aliacha kumenya. Nikaandika. Akanyoosha mkono nimpe simu, akavaa miwani yake, akasoma taratibu, herufi moja moja, kidole kikifuata kwenye kioo chenye ufa. Kisha akanirudishia.

"Kaandika sawasawa," akamwambia mama.