Simu ya Mama Iliendelea Kunijibu

Admin, nakuomba ufiche jina na picha yangu, kwa sababu watu wa kwetu Kabuchai ni wengi kwa huu ukurasa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, sina bwana, nina msichana mmoja yuko darasa la pili. Nafanya kazi ya kusafisha vyumba kwa meli kubwa ya watalii. Mtoto nilimwacha na mama yangu huko Kabuchai, pamoja na dada yangu mkubwa, nitamwita Rose, ambaye alirudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika.

Wale hamjawahi kukaa melini, niwaeleze kidogo. Mkishaacha nchi kavu, laini yako inakufa. Kuna mtandao wa meli, lakini bando yake ni ghali na iko polepole, maandishi yanapita lakini video inaganda uso wa mtu mdomo ukiwa wazi. Kuongea vizuri ni mpaka mfike bandarini, na si kila bandari unapewa ruhusa ya kushuka. Kwa hivyo mimi na mama tulizoea kutumiana sauti. Mama hakupenda kuandika. Alikuwa anaongea Kibukusu, ndefu kabisa, anasimulia mpaka kuku imetaga wapi, na mimi nasikiliza nikikunja mashuka ya wazungu.

Halafu sauti zikakoma. Niliandikiwa kwamba simu ilianguka kwa maji, maiki na kamera zimeharibika, sasa Rose ndiye atakuwa anamwandikia. Niliamini. Nikiuliza ameamkaje, najibiwa. Magoti yanauma kidogo, amekula ugali na mboga, anaombea safari yangu. Kuna siku nilishuka bandarini nikapiga kwa simu ya Rose, nikaomba mama. Rose akasema ameenda kanisa. Akanipatia mtoto, nikamuuliza kukhu, yaani nyanya yake, yuko aje. Akasema kukhu amelala. Nikadhani ni utoto tu, amechanganya.

Mkataba ulipoisha nilirudi. Nilipitia Kitale, kwa duka la vitambaa la mzee mmoja Mhindi. Mama alishona na cherehani kwa veranda ya hilo duka miaka mingi kabla arudi nyumbani. Nilitaka kumchagulia kitambaa cha rinda. Mzee alinitambua. Akaacha kupimia mteja, akaja akanishika mkono na mikono yake yote miwili.

"Pole sana kwa mama," alisema. "Mimi na bibi yangu tulikuja mazishi. Dada yako alisema wewe umekataa kuja, lakini mimi sikukuhukumu. Kazi ni kazi."

Nilimuuliza mama gani.

Barabara ya kutoka hapo siikumbuki. Nilikuta kaburi kando ya migomba, nyasi imeshaota juu yake. Rose alikuwa uani akipukuchua mahindi, na hakusimama. Na asubuhi hiyo hiyo simu ya mama ilikuwa imeniandikia kwamba nisafiri salama, wananingoja.

Sikupigana naye. Nilikaa chini kwa udongo nikamuuliza kwa nini. Aliongea kama mtu aliyekuwa ameipanga hiyo hotuba kitambo. Ati mama alipougua, yeye ndiye alimuosha na kumlisha na kubadilisha matandiko, lakini kila mama akifungua mdomo ni jina langu. Ati mwisho mwisho mama aliomba nipigiwe simu asikie tu sauti yangu.

"Nilimwambia nimepiga na umekata," Rose alisema. "Nilimwambia hutaki kuongea na yeye. Akalia mpaka akachoka. Baada ya hapo ndio alianza kuniita mimi."

Nikamuuliza basi mbona aliendelea kuniandikia.

"Ungejua ungekuja," alisema. "Na ungekuja, watu wote wangekuwa wanakulilia wewe."

Ni hivyo tu alisema, mikono bado iko kwa mahindi.

Mtoto wangu alinieleza yake akiwa amesimama nyuma ya mlango, hakutaka nimwangalie. Anti alimwambia kwamba akisema kukhu amekufa, mimi nitaruka baharini nife pia, na itakuwa ni yeye ameniua. Huyo mtoto alibeba hiyo kitu peke yake, shule na nyumbani. Mpaka wa leo analowesha kitanda, na nikichukua simu anatoka nje.

Niliita wajomba. Rose hakukana hata neno moja. Walisikiliza, wakanywa chai, wakaenda kando ya shamba la miwa kuongea. Waliporudi, mjomba mkubwa alisema hii nyumba imeaibika vya kutosha. Rose hana bwana wala kazi, anaishi hapa na hawa majirani, na watu wakijua hatakuwa na mahali pa kuweka uso. Kwa hivyo wanataka siku ya ukumbusho wa mama mimi nisimame mbele ya watu niombe msamaha kwa kukosa mazishi, mambo yaishe.

"Wewe utarudi kwa meli yako," aliniambia. "Huko maneno ya watu hayatakufikia."

Nikikataa, wamesema nisikanyage hapo tena, na kaburi la mama liko hapo. Nikikubali, mtoto wangu atakaa kwa kiti cha mbele akisikia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba nilijua kukhu amekufa na sikutaka kuja. Majirani tayari hawanisalimii. Rose naye amekubali mpango wa wajomba, na amesema yeye atanisamehe mbele ya watu.

Kazini wananingoja niseme kama narudi, na sijawajibu. Ukumbusho ni Jumamosi. Ndugu zangu mnaosoma, wenye mama na wenye dada, nishaurini hata kama ni kwa ukali. Nikiitwa mbele ya kaburi, nifungue mdomo niseme nini?