Lori Lililosema Bado

Nilisafiri kwenda Isaka kwa sababu sipendi kudharauliwa. Wakala mmoja wa mizigo kule alitafuta kampuni ya kumbebea pamba msimu mzima, kwa sharti moja: kompyuta za msafirishaji zizungumze zenyewe na za kwake, pasiwe na kunakili karatasi wala simu za "hebu nisomee tena hiyo namba". Kwenye simu, sauti ya mama mmoja wa huko iliniuliza kama Bariadi kuna mtu wa kuyaweza hayo. Nikamjibu: nipo mimi, fundi wa kompyuta. Tuliihangaikia kazi hiyo na wenzangu wa kiwanda cha kuchambua pamba mpaka ikatii. Likabaki lori la majaribio, nami nikapanda. Likivuruga, kazi inakwenda kwa wengine.

Asubuhi, kiwandani Bariadi. Robota la mwisho la pamba lilipopanda, karani wa mizani akabonyeza, na taarifa za mzigo zikaingia kwenye kompyuta yetu na ya Isaka kabla turubai halijafungwa. Vibarua wakashangilia. Mimi nilijifanya nimezoea.

Dereva wetu, Mzee Masanja, alinisalimu kwa Kisukuma, kwa heshima zote, akiniita mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu, yaani salama tu.

Nikamwonyesha vitufe kwenye simu yake: kimoja cha kuondoka, kingine cha kufika. Akasema hiyo ni rahisi kuliko kufunga turubai.

Maswa tulisimama kunywa chai. Simu ya Masanja ikaita kidogo. Ujumbe kutoka Isaka ulisema mlango wa kushushia u tayari, je, tumefika? Akabonyeza "Nimefika", akarudi kwenye chapati yake.

"Baba! Tumefika wapi?"

"Mwenyeji akikuuliza, mayu, unamwambia umefika. Usimkatishe tamaa."

Ningemkasirikia vizuri zaidi kama nami nisingekuwa wa huku. Nani kwetu hajawahi kusema "niko hapa kwenye kona" huku bado anaoga? Sisi hatuuiti uongo, tunauita adabu. Lakini kompyuta haikufundishwa adabu hiyo. Kule Isaka ilikuwa imeshawapanga vibarua mlangoni wangojee lori lililoko Maswa.

"Tukanyage mafuta tu," Masanja akasema. "Hawatashtuka."

Isaka si jirani. Niliogopa, na nilijua kila mtu kule angeona kosa letu, lakini nilituma marekebisho: lori halijafika, liko Maswa, litegemeeni alasiri. Halikuja jibu lolote.

Tukapanda lori, tukashika njia ya Mwigumbi. Tulipoipita Shinyanga Masanja akasema taratibu, "Nisamehe, mayu. Nimekuharibia." Nikamwambia aendeshe tu, maana ningefungua mdomo ningelia.

Isaka, alasiri. Msimamizi wa ghala, mama mnene mwenye kofia ngumu, alikuwa getini mikono kiunoni.

"Nyie ndio wa Maswa?"

"Ndio sisi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tangu nianze kupokea malori, kila anayechelewa yuko 'hapo karibu'. Leo ndiyo mara ya kwanza lori kuniambia halijafika! Mlango niliwapa wengine, wenu huu hapa unawangoja. Vibarua wangu hawakukaa bure."

Marobota yalishuka, yakalingana na taarifa zetu moja baada ya jingine. Akasema msimu huu pamba yao tubebe sisi. Hapo nikavimba kichwa, nikamuuliza yuko wapi yule aliyetilia shaka watu wa Bariadi.

"Unaongea naye," akasema, akacheka mpaka kofia ikamlegea.

Kesho yake tulirudi lori tupu, na mimi nikiwa na fahari ya kujaza tela. Nilidhani nimezifundisha kompyuta kuzungumza. Kumbe nazo zilikuwa zinatufundisha sisi neno moja gumu: bado.

Tulipofika Maswa, simu ya Masanja ikaita. Alikuwa mkewe, akitaka kujua amefika wapi. Masanja akanitazama, akakohoa.

"Bado, mama Kulwa. Ndiyo kwanza niko Maswa."

Sauti ya mkewe ikajaa ndani ya lori:

"Maswa? Baba Kulwa, mmepata ajali?"